Kiongozi Wetu ni Marehemu

Ukitaka kumwona Raya siku ya kawaida, nenda Mwembesongo saa kumi na mbili asubuhi. Utamkuta pembeni ya duka la mabati, amekaa kwenye kigoda, karai la maandazi mbele yake, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Hatazami mafuta. Anazungumza na wateja wanne kwa mpigo, anajua nani ana mgonjwa na nani kahama chumba, na bado andazi haliungui. Mimi nimejaribu kukaanga maandazi nyumbani kwangu mara nyingi. Yangu huungua huku nimeyakodolea macho.

Ni dada yangu. Mama zetu walizaliwa tumbo moja, na kwetu Uluguru watoto wa namna hiyo hawaitani binamu. Amenizidi miaka miwili. Mimi nina miaka arobaini na minne, nina shahada, nafundisha Kiswahili na Historia sekondari, na tangu nilipokuwa na miaka minane nimekuwa nikimwonea wivu mwanamke huyu aliyeishia darasa la saba. Naandika haya kwa sababu mwaka huu wivu wangu nusura uwang'oe watu mia mbili kwenye ardhi yao. Majina yote nimeyabadilisha, hata la kijiji. Yeye mwenyewe asingekubali vinginevyo.

Tulilelewa na bibi yetu huko Kilambwe, kijiji cha mgongoni mwa mlima. Pikipiki hukushusha kwenye daraja la miti, na kutoka hapo ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, kati ya migomba na mashamba ya iliki. Bibi aliitwa Mwanamvua. Hakuzaliwa na jina hilo. Alilirithi kwa mama yake mkubwa, naye alilirithi kwa mwingine, wanawake sita mfululizo. Kwetu ardhi hupita kwa akina mama, na mwenye jina hilo ndiye anayejua mpaka umekaa kwenye jiwe lipi, nani alime wapi, na nani azikwe wapi.

Nilipoanza darasa la kwanza, bibi alininunulia daftari na penseli. Siku hiyohiyo alichukua jembe lililolika, akachonga mpini mpya, akaupima kwenye bega la Raya, akampa. Nililililia jembe lile siku mbili nzima.

"Wewe kichwa chako ndicho jembe lako," bibi aliniambia, akicheka.

Watu wote walioniambia baadaye kwamba nilikuwa na bahati hawakuuona mpini ule.

Raya alianza kushusha ndizi mjini akiwa na miaka kumi na minne. Akiwa na kumi na tisa akaolewa na Nasibu, mkata miwa, wakahamia Turiani. Huko alifungua banda la chakula, akawa anawapikia wakata miwa. Fikiria wanaume mia mbili wanaofika kwa pamoja, wana njaa, wana jua kichwani na panga mkononi. Alikaa nao miaka kumi na moja na hakuna siku waliyopigana mbele ya sufuria zake. Aliniambia siri yake mara moja tu, kama mtu anayeeleza namna ya kuchambua mchele: "Mtu mwenye njaa hafuati maneno, anafuata foleni. Na foleni inamfuata aliyeshika upawa." Nasibu alipofariki kwa kifua, Raya alirudi, akapanga chumba Mwembesongo, na kila Ijumaa alipanda mlima kwenda kumwona bibi. Mimi nilipanda wakati wa likizo.

Mwishoni mwa Mei walikuja Kilambwe watu wenye vizibao vya njano na ndoo ya rangi. Wakachora X nyekundu kwenye nyumba arobaini na tatu. Tukaambiwa mteremko wote unatakiwa kwa ajili ya mradi, tuondoke ndani ya siku ishirini na moja, mengine tutaelezwa tukiwa tumeshaondoka. Kijiji jirani, ambako nako rangi ilipita, walikutana uwanja wa mpira ili waulizane. Hawakuwa na kibali cha kukusanyika. Mwenyekiti wao na wenzake watatu walichukuliwa hapohapo. Wawili walirudi. Mke wa mwenyekiti bado anazunguka kituo hadi kituo, na kila kituo humwambia aulize kile kinachofuata.

Wakili mmoja wa mjini alikubali kutupeleka mahakamani kuomba zuio. Alitwambia jambo moja tu la kushika: "Tarehe ya kusikilizwa ikifika, nataka mahakama iwakute mko pale. Mkishaondolewa, nitakuwa naomba kuzuia kitu kilichokwisha kutokea."

Tarehe ilipangwa, Alhamisi, siku tisa baada ya muda wetu kwisha. Kwa hiyo shida ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuifanya. Tulitakiwa kukaa pamoja, wengi, kwa muda mrefu, mahali ambapo watu kumi wakisimama pamoja ni kosa.

Siku ya sita baada ya ile rangi, bibi alifariki. Alikuwa mgonjwa tangu Ramadhani. Tulimzika nyuma ya nyumba yake, na ukoo mzima ukapanda mlima, kutoka mjini, Kingolwira, Turiani, hata Dar es Salaam. Siku ya tatu, watu wakikunja mikeka ili waondoke, Raya alisimama jikoni, upawa mkononi. Hakupaza sauti.

"Mwenye jina akifa, tanga halianuliwi mpaka jina lipate kichwa," alisema. "Jina halijapata kichwa. Kaeni mle."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Desturi hiyo niliijua kama alivyoijua yeye. Nimewahi hata kuiandikia ripoti chuoni, nikapewa alama nzuri. Haikunijia kabisa kwamba msiba hauhitaji kibali.

Mikeka ikatandikwa upya.

Sasa nieleze alivyoiendesha kambi ile, maana kambi ilikuwa kambi, ingawa hakuna aliyethubutu kuiita hivyo. Kila kitongoji kilileta mafiga yake matatu na kuyapanga uani, jiko lake peke yake. Vitongoji vilikuwa saba, majiko saba. Jiko lenye zamu ya kupika ndilo lenye zamu ya kulinda njia. Wengine walilala au walirudi kupalilia. Mtu alijua kazi ya jiko lake na hakuambiwa ya jiko la jirani, ili akikamatwa asiwe na cha kusema. Simu ziliwekwa kwenye ungo mlangoni, zikafunikwa kanga. Hapakuwa na bango, wimbo wala picha. Habari zilishuka mjini na kupanda na wanawake wa ndizi. Na kuanzia alfajiri hadi magharibi mchi ulitwanga kwenye kinu juu kabisa ya njia. Mchi ukisikika, endelea na kazi yako. Mchi ukinyamaza, njoo ukae msibani.

Mimi nilitaka kusaidia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Siku ya tano ya tanga nilishuka mjini, nikaandika barua safi ya kurasa tatu kwa viongozi, nikaweka na kamati: mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, wajumbe wanane. Katibu nilikuwa mimi. Nikapanda nayo, nikamkabidhi Raya mbele ya watu.

Aliigeuza upande huu na ule. "Imeandikwa vizuri sana hii, mwalimu."

"Nisome?"

"Ina majina?"

"Ndiyo. Kamati."

Alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniunguza kuliko tusi. Akainama, akaiingiza karatasi chini ya sufuria ya maharage, akapuliza. Moto ukashika. Shangazi mmoja akasema, "Alhamdulillahi, leo kuni zilikuwa mbichi," na jikoni pakaangua kicheko. Nilicheka nao, kisha nikaenda kukaa nyuma ya choo mpaka uso uliponipoa.

Siku ya ishirini na moja tangu ile rangi ilikuwa Jumanne. Askari walikuja asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye migomba. Walikuwa kumi na wawili, wamelowa hadi magotini, na nyuma yao mtendaji wa kata, Bwana Twalibu, ambaye mama yake ni mtu wa milima hiihii. Mchi ukanyamaza. Walipofika uani, watu mia mbili walikuwa wamekaa jamvini kuzunguka kaburi, wamejifunika.

Mlangoni pa turubai alikuwa amelala Dominiko, kakingama njiani kama gogo. Dominiko ni mtani wa ukoo wetu. Kazi ya mtani msibani ni kutukana, kuiba kuku na kuwazibia watu njia, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Mzee, tupishe. Tuko kazini," alisema koplo mmoja mrefu aliyewaongoza. Kifuani palikuwa na kibao cha jina, Oscar.

"Na mimi niko kazini. Nazika. Wewe mtu wa wapi?"

"Tabora."

Dominiko akainuka, akakaa kitako, uso umemchanua. "Mnyamwezi! Jamani njooni, mpagazi wetu kafika! Mzigo umeutua wapi? Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani, akatuibia viazi na shangazi yangu."

Askari wawili walicheka, wakajikohoza. Koplo alijitahidi kukaza uso, lakini utani ni utani.

"Babu yangu aliwakuta nyinyi mnalala juu ya miti," alijibu.

"Kweli! Tulipanda kuikimbia harufu yenu!"

Kicheko kikavuka turubai. Kilipotulia, koplo aliuliza kwa sauti ya kazi, "Haya. Kiongozi wenu hapa ni nani?"

"Marehemu."

"Nauliza anayeendesha mkusanyiko huu."

"Ndiye huyohuyo. Yuko pale chini ya udongo. Nenda ukamhoji, akikujibu tuite na sisi tusikie."

Koplo alilitazama kaburi. Kisha akavua kofia. Wenzake wakavua. Mtu akishavua kofia mbele ya kaburi ni vigumu kuivaa tena na kuanza kubomoa, na kabla hawajaamua, sahani zilikuwa zimeshafika mikononi mwao, magimbi na maharage, chai ya mchaichai. Walikula. Waliposhuka, koplo aliwaambia akina mama, "Poleni sana na msiba."

Katika yote hayo Raya hakugeuka. Alikuwa ametupa mgongo, anakoroga, moshi umemfunika. Lakini niliona, na nadhani ni mimi peke yangu niliyeona: kila sahani ilitoka alipoinua upawa. Sikuwa nafurahi kwamba tumepona. Nilikuwa nafikiri, mbona si mimi?

Jumatatu iliyofuata, zikiwa zimebaki siku tatu mahakama ikae, nilikwenda kisimani mchana kuchota maji. Bwana Twalibu alikuwa amekaa kwenye jiwe, peke yake, viatu vyake vya mjini vimejaa tope.

"Mwalimu Yasmin. Habari za msiba?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Mimi mtoto wa huku, mwalimu. Mila nazijua. Sisi hatuvunji msiba wa mtu." Aliokota jani, akalikunja. "Ila najiuliza. Jina la bibi linakaa chini siku zote hizi, na mjukuu msomi yupo. Aliyelelewa naye. Mwenye heshima hadi mjini. Watu wanangoja nini? Au wanamngoja yule mkaanga maandazi?"

Nilitumbukiza ndoo kisimani.

"Jina likipata mwenyewe, ni heshima kwa marehemu. Tanga litaanuliwa, watu watapumzika. Wewe utakuwa mwenye jina. Hata mazungumzo na serikali yatakuwa na mtu wa kueleweka."

Nilijua alichokuwa anafanya. Naomba uniamini hapo, sikuwa mjinga. Tanga likianuliwa Jumatano, wageni wangeshuka mlima siku hiyohiyo, wangebaki wazee na mbuzi, na Alhamisi wakili wetu angesimama mahakamani kutetea vifusi. Nilijua. Lakini aliyasema maneno ambayo niliyangoja miaka thelathini na sita mtu ayaseme: wewe ndiye. Nilibeba ndoo hadi juu bila kusikia uzito wake.

Jioni ile nilimwambia mjomba Said, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, kwamba si vizuri jina la bibi kulala chini, na kwamba niko tayari. Mjomba alikuwa amechoka. Alikuwa anaogopa, miaka sabini na tatu na askari mlangoni. Alinishika mkono.

"Ulikuwa na haki, mwanangu. Ni vile ulikuwa kimya. Basi iwe Jumatano."

Akanikumbusha utaratibu kana kwamba siujui. Mrithi hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu, kafunikwa kaniki kichwani. Mtani humwita kwa jina la marehemu, mara tatu. Akiitika abee, amelipokea, maji yanamwagwa kizingitini, na tanga limeanuliwa. Asipoitika hata mara ya tatu, jina limempita. Hataitwa tena maisha yake yote, na ukoo hungoja siku saba kabla ya kumkalisha mwingine.

"Lakini hilo la kutoitika mimi sijawahi kuliona," alisema mjomba. "Nani aitwe jina kama hilo akae kimya?"

Jumanne alasiri Raya aliniita nyuma ya jiko anisuke. Mrithi husukwa twende kilioni, mistari iliyonyooka kwenda nyuma, isiyo na mapambo. Nikakaa kati ya magoti yake kama tulipokuwa watoto. Vidole vyake vilinuka kitunguu.

"Inama. Kichwa chako kigumu tangu zamani."

"Dada, umekasirika?"

"Kwa lipi?"

"Kesho nikiitika, watu wataondoka."

"Wataondoka." Akavuta mstari. "Na mtendaji yuko kwa balozi wa nyumba kumi toka asubuhi anakunywa chai. Anangoja."

"Basi mbona hukumkatalia mjomba?"

"Ningemkatalia vipi? Siku zote hizi nawaambia askari tumekaa kwa sababu jina halina kichwa. Leo kichwa kimejileta chenyewe. Nikikataa, nitakuwa nimekiri kwamba msiba huu ni geresha. Watakuja mchana huohuo, na safari hii hawatavua kofia."

Alisema bila hasira, kama anavyosema unga umekwisha. Nilitaka anipige. Nilitaka angalau niwe nimempora kitu.

"Wewe hukulitaka jina? Sema kweli."

"Yasmin, nina sufuria saba motoni. Nitalitaka saa ngapi?" Akacheka kidogo, akachana sehemu nyingine. "Halafu kumbe wamekufuata na wewe."

"Na mimi?"

"Si Twalibu? Alinivizia kisimani wiki iliyopita. Ohoo, bibi alikupenda sana, wewe ndiye unayestahili, watu wanangoja nini, au wanamngoja yule mwalimu wa mjini asiyejua hata kushika jembe? Nikamwambia anipishe, maharage yangu yanaungua."

Nilitazama chini, kwenye majivu. Kisima kilekile, maneno yaleyale, jina tu ndilo lilibadilishwa. Hata katika kushawishiwa nilikuwa wa pili. Nilikuwa nimekula kiporo cha Raya na kukiona karamu.

"Tayari," alisema, akanipangusa mabega. "Umependeza. Umefanana na bibi."

Kulipokucha, watu walikuwa wamekaa uani wote. Baadhi walikuwa wameshafunga mizigo, na niliona wanawake wa jiko la nne wakibomoa mafiga yao, wakiyapanga pembeni jiwe juu ya jiwe. Bwana Twalibu alipewa kiti mbele, karibu na wazee. Koplo Oscar alisimama nyuma, kofia kwapani. Raya alinileta kwa mkono, akanikalisha kwenye kigoda, akanifunika kaniki ya bibi.

Ndani ya kaniki kulikuwa na giza na harufu ya moshi na iliki. Ilikuwa harufu ya mgongo wa bibi. Nikafunga macho.

"Mwanamvua!" aliita Dominiko. Sauti yake, siku zote ya mzaha, ilikuwa nzito.

Abee ilikuwa imekaa ulimini. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu utotoni, nikiwa peke yangu shambani, nikijiita na kujiitikia.

Mtu alikohoa, nikajua ni Twalibu.

"Mwanamvua!"

Ningependa kuandika kwamba niliwafikiria watu mia mbili, au nyumba zenye rangi nyekundu, au mke wa yule mwenyekiti anayezunguka vituoni. Sitaandika uongo juu ya kaburi la bibi yangu. Nilimfikiria Raya. Nilifikiri: yeye alilikataa jina huku sufuria ikichemka, bila kuligusa. Mimi linanigusa kichwani. Nikilikataa sasa, nitakuwa nimekataa kikubwa kuliko alichokataa yeye. Mara moja tu maishani mwangu nitakuwa nimempita.

"Mwanamvua!"

Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Nilisikia kuku akiparua majani. Kisha Dominiko akapiga makofi mara moja, na mzaha ukamrudia wote.

"Jina limempita! Jamani, mwalimu kaishiwa chaki!"

Uani pakavurugika, kicheko, vilio, watu wakisimama. Sauti ya Twalibu ilipanda juu ya zote. "Hapana! Hakusikia huyo! Mwiteni tena!"

"Bwana mtendaji," Dominiko akamjibu, "nenda kamwambie mama yako akuzae tena, labda safari hii utazaliwa unajua mila zetu. Mara tatu ni mara tatu. Siku saba!"

"Siku saba," mjomba Said akarudia. Koplo Oscar, nilivyoambiwa baadaye, akavaa kofia yake, akaanza kushuka mlima taratibu, kama mtu aliyepata likizo. Juu ya njia mchi ukaanza kutwanga.

Nilisikia shangazi yangu akisema hata kabla sijafunuliwa: "Kusoma kote kule, neno moja limemshinda!" Na sikuweza kumjibu. Ningesema nilinyamaza kwa makusudi, msiba ungekuwa geresha, na maneno yangefika kwa Twalibu kabla ya chai ya saa nne. Ilinibidi niwe mwanamke aliyeitwa akapata kigugumizi. Kilambwe nzima inaniona hivyo hadi leo.

Raya ndiye aliyenivua kaniki. Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake, macho yake yakashuka hadi mdomoni mwangu, penye damu. Nilingoja aseme neno. Akanipa mwiko.

"Koroga lile la pili. Linashika chini."

Alhamisi alasiri wanawake wa ndizi walipanda bila ndizi, wanakimbia. Mahakama ilikuwa imetoa zuio la muda: asiguswe mtu mpaka kesi isikilizwe. Hakuna aliyeshangilia, maana tulikuwa msibani. Watu walishikana mikono, wakainama, wakarudi kupika. Wale wa jiko la nne walirudisha mafiga yao.

Siku saba zilipotimia, walimkalisha Raya. Aliitika mara ya kwanza tu, kabla Dominiko hajalimaliza jina, upesi na kwa sauti ya mtu aliyeitwa na mteja. Maji yakamwagwa kizingitini. Niliyashika mimi yale maji. Watu wakashuka mlima, kila mmoja kwake. X bado ziko ukutani, kesi bado ipo, na mafiga ya majiko saba yamerundikwa nyuma ya nyumba ya bibi, yamefunikwa majani ya mgomba ili yasiote kuvu.

Kwetu anayerithi jina hurithi na heshima yake. Jumamosi iliyopita nilipita Mwembesongo asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu. Nilisimama mbele ya karai, nikapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Kaa hapo, umekonda."

Wateja waliangua kicheko, wanawake wawili wa umri mmoja wanaitana bibi na mjukuu. Raya hakucheka, wala mimi. Alinifungia maandazi matatu kwenye gazeti, bila kutazama mafuta. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikala. Hakuna hata moja lililoungua, na hilo nalo liliniuma.